Nyumba moja, wenyewe wengi: wazazi wa visiwani na makazi ya wanafunzi Lushoto



Kila mwaka vyuo vinapokaribia kufunguliwa, familia nyingi za Unguja na Pemba huingia kwenye hesabu ile ile: ada, nauli, na mtoto atalala wapi. Kwa wale ambao watoto wao wanakwenda Lushoto, hesabu ya tatu ndiyo nzito. Lushoto ni mji mdogo juu ya milima ya Usambara, kilomita zipatazo 33 kutoka Mombo, pale barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha inapoachwa ukaanza kupanda kupitia Soni. Mtoto wa visiwani huvuka bahari kwanza, kwa Dar es Salaam au kwa Tanga, ndipo aanze safari ya mlima. Mzazi hawezi kwenda kumtazama Ijumaa akarudi Jumamosi.

Mjini hapo kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, ambako vijana husoma cheti na stashahada ya sheria. Upande wa Magamba kilianzishwa mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Sebastian Kolowa, chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Asiyepata nafasi kwenye dahalia ya chuo, au hosteli kama wanavyosema bara, hupanga chumba mtaani.

Hapo ndipo linapozaliwa wazo tunaloulizwa mara kwa mara: kwa nini wazazi wanne au watano wasichangiane, wakanunua au kujenga nyumba moja, watoto wao wakakaa humo, na wakimaliza wakaingia wadogo zao au ikapangishwa? Ni wazo jema. Lina kusaidiana ndani yake, lina uchumi, na lina ulinzi wa watoto. Lakini wanaouliza huuliza bei ya kiwanja na kodi ya chumba. Wachache sana huuliza ngazi ni za nani, tangi la maji ni la nani, paa likivuja nani atalipa, na mmoja wao akifa itakuwaje. Makala haya yanashughulikia maswali hayo ya pili, kwa sababu ndugu na marafiki huja kugombana kwa hayo.

Kuchangia fedha si kugawana mali

Tuanze na sheria ya nchi, kwa kuwa mali iliyoko bara inasimamiwa na sheria ya bara hata kama wenyewe wote wako Mkunazini au Wete.

Mzanzibari ni raia wa Tanzania, kwa hiyo hazuiwi kuwa na ardhi Lushoto. Ila ardhi ya huko ni ya aina mbili ambazo mnunuzi lazima azitofautishe. Ipo iliyopimwa na kutolewa hatimiliki chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambayo aghalabu ni ya mjini. Na ipo ardhi ya kijiji, inayosimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo, ambapo mtu asiye mkaazi wa kijiji hawezi kuinunua kwa mwenyewe tu wakaandikiana karatasi na kumaliza. Halmashauri ya kijiji lazima iridhie. Sisi tumezoea kwenda kwa sheha. Kule ni mwenyekiti wa kijiji, mtendaji na halmashauri yao, na kumbukumbu za kikao chao zina uzito mkubwa kuliko sahihi za mashahidi watatu waliokaa barazani.

Jambo la pili ni namna majina yanavyoandikwa. Sheria ya Ardhi inatambua njia mbili za watu kumiliki kwa pamoja. Njia ya kwanza ni umiliki usio na mafungu: wote wanahesabika ni mwenye mali mmoja, na akifa mmoja wao, haki yake inahamia kwa wale waliobaki hai. Njia ya pili ni umiliki wa hisa: kila mmoja ana fungu lake linalojulikana, na akifa, fungu lile linaingia kwenye mirathi yake.

Muislamu asipite hapo haraka. Njia ya kwanza inaweza kuwatoa warithi kwenye mali ambayo Mwenyezi Mungu amewapa kwa mafungu yaliyotajwa katika Surat An-Nisaa. Mtu aliyeandikishwa hivyo na mkewe, halafu akafa, huenda watoto na mama yake wakaambiwa kwa mujibu wa karatasi kwamba hawana chao. Kwa hiyo wanaochangiana nyumba wahakikishe wameandikishwa kwa njia ya hisa, na hisa za kila mmoja zimetajwa.

Njia ya tatu ni ya jengo lenye sehemu zinazojitegemea. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo, Namba 16 ya mwaka 2008. Chini ya sheria hii jengo moja hugawiwa sehemu, kila sehemu ikapata hati yake, ambayo wengi wanaiita hati pacha. Mwenye sehemu humiliki fleti yake peke yake, na wakati huo huo huwa na hisa katika maeneo ya pamoja: ardhi ya chini, ngazi, korido, paa, mabomba makuu, ua. Wamiliki huwa na jumuiya yao inayosimamia maeneo hayo, inayokusanya michango na kuweka kanuni. Zanzibar nayo ina sheria yake ya kondominiamu, Namba 10 ya mwaka 2010. Kenya ilitunga upya sheria yake ya aina hiyo mwaka 2020. Pwani nzima inaelekea huko, kwa kuwa ardhi za mijini zimekuwa finyu na watu wanapanda juu.

Lushoto yenyewe bado ni mji wa nyumba za kawaida kuliko fleti. Kwa hiyo wazazi wengi wataangukia kwenye umiliki wa hisa katika nyumba moja, si hati pacha. Lakini mgogoro wa maeneo ya pamoja ni ule ule, na pengine ni mkubwa zaidi, kwa sababu penye hati pacha sheria imeshaweka jumuiya na kanuni, na penye nyumba ya kuchangiana hakuna kilichowekwa isipokuwa kile mlichoandikiana wenyewe.

Wanazuoni walishaijua ngazi ya pamoja

Baadhi ya watu hudhani fiqhi haina la kusema juu ya fleti, kwamba ni mambo ya kizungu. Sivyo. Mafaqihi wetu waliishi katika miji ya nyumba zilizobanana, zenye kuta za pamoja, ghorofa ya huyu juu ya ya yule. Mtu aliyezaliwa Mji Mkongwe ataielewa milango yao bila kufasiriwa.

Mali inayomilikiwa na wengi bila kugawanywa wanaiita mushaa. Kila mshirika ana haki katika kila tofali, na hakuna anayeweza kusema chumba hiki ni changu mpaka wagawane. Kama mali inagawika, wanagawana. Kama haigawiki, au kugawanya kunaiharibu, wanaweza kupeana zamu za kuitumia, na zamu hizo fiqhi imezipa jina lake: muhayaa. Jiko moja, kamba za kuanikia nguo, sehemu ya kuweka gari, vyote hivi vinaingia hapo. Majirani wa Usambara, Wapare, walikuwa na utaratibu wa namna hiyo kwa miaka mingi katika malambo yao ya maji yaitwayo ndiva: maji yalikusanywa pamoja, yakafunguliwa kwa zamu, na mwenye shamba alijua siku yake. Utaratibu ulisimama kwa kuwa zamu ilijulikana na kila aliyefaidika alitoka kwenda kusafisha mfereji.

Mfano ulio karibu zaidi na korido ya fleti ni kichochoro kisichopita. Wanazuoni wa Kishafii wametofautisha njia ya umma na kichochoro kilichofungwa upande mmoja. Njia ya umma ni ya Waislamu wote, na mtu huweza kutoa roshani juu yake ikiwa haimdhuru mpitaji. Kichochoro kisichopita ni milki ya wale ambao milango yao inafungukia humo. Hakuna hata mmoja wao anayeruhusiwa kutoa roshani, kujenga dakika au kufungua mlango mpya bila ridhaa ya wenziwe. Sasa itazame korido ya nyumba ya wanafunzi yenye vyumba sita. Mzazi mmoja anayeziba mwisho wa korido akafanya stoo ya vitu vya mwanawe ameichukua haki ya wengine watano, hata kama hakuna aliyelalamika kwa haya au kwa kuogopa kuvunja urafiki.

Na juu ya yote hayo upo mfano wa Mtume (S.A.W.) uliopokewa na Bukhari kutoka kwa Nuuman bin Bashir, wa watu waliopanda chombo, wengine wakapata nafasi ya juu na wengine ya chini. Wa chini walikuwa wakienda juu kuteka maji, wakaona wanawaudhi wenzao, wakafikiria kutoboa tundu katika fungu lao wenyewe. Lau wa juu wangewaachia, wangezama wote. Na wakiwazuia, wanaokoka wote. Hadithi hii husomwa kwa maana ya kuamrisha mema na kukataza maovu, na hiyo ndiyo maana yake. Lakini tazama mfano wenyewe ulivyo: ni chombo cha pamoja, kilichogawiwa kwa kura, na mtu anayedhani kwamba fungu lake ni lake basi aweza kulifanya atakavyo.

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Taarifa za siku zile zilitaja kazi ya kuchimba iliyokuwa ikiendelea chini ya jengo. Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa. Wa ghorofa ya juu hakuwa na khabari na kilichokuwa kikitobolewa chini yake. Na Lushoto ni mji wa miteremko, wenye mvua na udongo unaoweza kusogea. Anayekata ukuta wa chini apanue chumba, au anayeziba mfereji wa maji ya mvua nyuma ya nyumba ili apate pahala pa banda la kupikia, hachezei mali yake tu.

Paa likivuja nani analipa?

Hili ndilo swali ambalo majibu yake yatawashangaza wengi, na ndilo lililotufanya tuandike.

Tuseme nyumba ni ya washirika wanne. Paa limeoza. Watatu wanataka litengenezwe, wa nne anasema mwanawe ameshamaliza chuo, yeye hana haja. Je, anaweza kulazimishwa kulipa?

Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo wengi wetu tunayasoma, ipo kauli ya zamani inayosema hulazimishwa, na ipo kauli mpya inayosema halazimishwi. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wetu wamekisomesha vizazi kwa vizazi, amekwenda na kauli mpya: mshirika halazimishwi kujenga upya ukuta wa pamoja uliobomoka. Hoja yao ni kwamba mtu hashurutishwi kuitengeneza mali yake mwenyewe, na mwenzake akitaka kujenga kwa fedha zake hazuiwi. Wapo wanazuoni wa madhehebu mengine, na hata ndani ya yetu, walioona kwamba hulazimishwa ili kuondoa madhara, wakitegemea hadithi mashuhuri isemayo kuwa hapana kudhuru wala kudhuriana.

Maana yake kwa mzazi ni hii: ukiingia kwenye ushirika wa nyumba kwa maneno ya kuaminiana tu, ukitumaini kwamba sharia itambana mwenzako siku ya paa kuvuja, huenda sharia kwa kauli inayotegemewa katika madhehebu yako isimbane. Kitakachombana ni makubaliano. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika mwanzo wa Surat Al-Maida kutekeleza mikataba, na Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa Waislamu wako juu ya masharti yao, isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Kwa hiyo mkiandikiana tangu siku ya kwanza kwamba kila mmoja atatoa mchango wa matengenezo kwa kiasi cha hisa zake, mchango huo unakuwa wajibu. Na penye hati pacha, sheria ya nchi imeshaweka wajibu huo kwa maslahi ya wote, na aliyenunua amenunua akijua.

Uzoefu wetu wenyewe unatosha kuwa ushahidi. Majumba ya Michenzani yalijengwa kwa nia njema baada ya Mapinduzi, kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, na watu wengi wakapata makazi ambayo wasingeyapata. Ndani ya fleti, kila mtu ametia vigae na pazia. Ukitoka kwenye ngazi, taa haiwaki, maji hayafiki juu, na bomba la maji machafu likipasuka kila mmoja anasubiri mwingine. Si kwamba watu wa pale ni wabaya. Kilichokosekana kwa miaka mingi ni chombo chenye mamlaka na mfuko wa kile kilicho cha wote. Wazazi wanaokwenda kuchangiana Lushoto, kilomita nyingi kutoka nyumbani, wasitarajie kupata bila utaratibu kile ambacho hatukukipata bila utaratibu hapa mlangoni petu.

Tahadhari moja katika kuandika sharti la michango. Mikataba mingi ya kawaida huweka faini ya asilimia fulani kila mwezi kwa anayechelewa kulipa. Mchango ambao muda wake umefika ni deni, na nyongeza juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa ni mlango wa riba; washirika wasigawane nyongeza hiyo. Wanazuoni wa zama zetu wametoa njia: anayechelewa hali ya kuwa anao uwezo aahidi kutoa kiasi fulani sadaka, kiende kwa masikini, kisiingie mfukoni mwa jumuiya. Na aliyekwama kweli apewe muda.

Hesabu ya kifo na ya kuuza

Tuchukue mfano wa hesabu. Washirika wanne wametoa shilingi milioni 100: wawili milioni 30 kila mmoja, na wawili milioni 20 kila mmoja. Hisa zao basi ni 30, 30, 20 na 20 katika 100. Paa likihitaji milioni 5, wa mwanzo watatoa milioni moja na nusu kila mmoja, na wa pili milioni moja moja. Nyumba ikipangishwa, kodi inagawiwa kwa uwiano huo huo. Hadi hapo ni nyepesi.

Sasa mmoja wa wenye 30 amefariki, ameacha mke, mama, mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili, na hana deni wala wasia. Mke ana thumni, yaani milioni 3.75. Mama ana sudusi, milioni 5. Inabaki milioni 21.25 ya watoto, wa kiume akipata mafungu mawili na kila wa kike fungu moja: yeye milioni 10.625, na wao milioni 5.3125 kila mmoja. Washirika waliokuwa wanne sasa ni wanane. Bibi mzee aliyeko Micheweni ni mshirika wa paa la Lushoto. Akifariki naye, fungu lake litagawanyika tena.

Sharia haina kasoro hapo; kila mwenye haki amepata haki yake. Tatizo ni kwamba nyumba haikuandaliwa kupokea washirika wanane. Dawa yake ni ya kabla: kuandikiana kwamba warithi wasiotaka kubaki watauziwa au kununuliwa hisa zao kwa bei ya soko itakayotajwa na mthamini, na kwamba atateuliwa mtu mmoja kuwa msemaji wao. Wala isisahauliwe kwamba mali iko bara: kadhi wa Zanzibar atawagawia warithi mafungu, lakini ili jina libadilike kwenye hati huko, lazima awepo msimamizi wa mirathi anayetambuliwa na mahakama yenye mamlaka. Muulizeni wakili mapema, wakati wote mko hai na mnacheka.

Kwa anayetaka kuuza, Uislamu umeweka shufaa, haki ya mshirika kutangulizwa. Jabir bin Abdillah (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) ameihukumia shufaa katika kila kisichogawanywa, na mipaka ikiwekwa na njia zikatenganishwa, hapana shufaa. Na katika mapokezi mengine, mwenye mshirika katika nyumba au shamba asiuze mpaka amwarifu mwenzake. Kwa nyumba ya kuchangiana isiyogawanywa, adabu ya kuarifu hapa iko wazi kabisa: waambie wenzako kwanza. Kwa fleti yenye hati pacha, sehemu imeshatenganishwa, na kwa madhehebu yetu jirani tu hana shufaa. Lakini hakuna kinachozuia wamiliki kukubaliana kwamba kila anayeuza atawatangulizia wenzake habari. Ni jambo la busara, khasa kwa nyumba inayokaliwa na mabinti, ambapo mnunuzi asiyejulikana hununua na haki ya kupita kwenye korido ile.

Wanaoishi humo

Tumezungumza kuhusu wenye mali. Wanaoamka alfajiri katika baridi ya Julai ya Lushoto, na kupanga foleni ya maji ya moto, ni watoto wao, na wao ndio watakaoishi na makosa yetu.

La kwanza, nyumba isichanganye wavulana na wasichana kwa hoja kwamba wote ni watoto wa jamaa. Binamu si maharimu. Kama washirika wana watoto wa aina zote mbili, ama zitafutwe nyumba mbili, ama zamu ya miaka, ama sehemu mbili zenye milango, ngazi na vyoo vyao mbali mbali. Korido ya pamoja inayoelekea bafu moja si sehemu mbili, hata ikitiwa pazia.

La pili, chumba cha kuswalia. Wazazi wengi hupenda kutenga chumba kimoja. Ni jambo la kheri, lakini kikiwa eneo la pamoja, kila mwenye hisa lazima aridhie. Na mwenye hisa si lazima awe Muislamu, khasa kwenye jengo la hati pacha. Usambara ni nchi ya Waislamu na Wakristo waliokaa pamoja muda mrefu, katika ukoo mmoja mara nyingine. Penye washirika wasiokuwa Waislamu, ombeni kwa wema, kubalianeni juu ya sauti na saa, na msifanye kwa wingi wenu kile ambacho hamngependa kufanyiwa penye uchache wenu. Pia msitamke kuwa chumba kile ni msikiti au wakfu mkiwa mnakusudia kukitumia kwa muda tu. Neno hilo lina hukumu zake, na halirudi nyuma kwa wepesi.

La tatu, mtoto si mwenye mali. Anakaa kwa hisa ya mzazi wake, na hana haki ya kumpangisha rafiki kitanda cha pili, au kuingiza jiko la umeme linalounguza nyaya za nyumba nzima. Kanuni zibandikwe ukutani, na awepo mtu mzima anayekaa karibu, mwaminifu, anayelipwa ujira wake unaojulikana. Mwenyeji Msambaa anayejua msimu wa mvua unaanza lini na fundi gani hasemi uongo ana faida kuliko kikundi cha simu cha wazazi ishirini walioko ng'ambo ya bahari.

Kama fedha ni ya mkopo, na kama nia ni wakfu

Wapo watakaotaka kukopa. Riba haihalalishwi na elimu ya mtoto. Zipo taasisi zinazofanya kazi kwa misingi ya sharia, kama Amana Bank iliyoanza mwaka 2011 na kitengo cha Ikhlas cha PBZ, na moja ya mikataba inayojulikana katika fedha za Kiislamu ni ushirika unaopungua, ambapo benki na mteja humiliki pamoja na mteja akanunua hisa za benki kidogo kidogo. Muulize muulizaji wa benki maswali yale yale: katika miaka hiyo ya ushirika, paa likivuja benki inalipa fungu lake? Mshirika wa kweli hubeba gharama za umiliki kwa kiasi cha hisa zake. Na nyumba ikikatiwa bima, itafutwe takaful.

Lakini kuna njia ambayo pengine inawafaa zaidi wale ambao watoto wao watakaa miaka miwili au mitatu tu. Badala ya hisa, wachangie wakfu: nyumba ya wanafunzi wa visiwani wasomao Lushoto, isiyouzwa, isiyorithiwa. Inaondoka hesabu ya washirika wanane. Inabaki hesabu ya msimamizi mmoja mwaminifu. Hata hapo tusijidanganye, kwani Mji Mkongwe umejaa nyumba za wakfu zilizochakaa kwa kuwa kodi ni ndogo na matengenezo hayana fungu. Wakfu mzuri huandika tangu mwanzo kwamba sehemu ya mapato itakwenda kwenye matengenezo kabla ya kitu kingine chochote. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo hapa Zanzibar. Waanze kwa kushauriana nayo.

Kabla ya kutoa shilingi ya kwanza

Kwa muhtasari, wazazi wanaotaka kuingia katika jambo hili tunawashauri hivi:

1. Thibitisheni aina ya ardhi na mwenye kuuza, kwenye ofisi ya ardhi au halmashauri ya kijiji, kabla ya kutoa kishika uchumba.
2. Andikisheni majina yote, kwa hisa zilizotajwa. Msimwandikishe mmoja "kwa niaba ya wenzake".
3. Orodhesheni kwa maandishi maeneo ya pamoja: ngazi, korido, paa, mfereji wa maji ya mvua, tangi, karo, jiko, ua. Kisichoandikwa kitagombaniwa.
4. Wekeni mchango wa matengenezo wa kila mwezi tangu mwezi wa kwanza, hata ukiwa mdogo, na akaunti yenye sahihi za watu wasiopungua wawili.
5. Kubalianeni juu ya kuuza, kufa na kujitoa.
6. Mteueni msuluhishi mnayemheshimu nyote, kabla hamjawa na la kusuluhishwa.
7. Pigeni zaka mahali pake: nyumba anayokaa mtoto haina zaka, kodi mnayoipata, ikifika nisabu na ikapitiwa na mwaka, ina zaka, na iliyonunuliwa kwa nia ya kuuzwa ni bidhaa ya biashara.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Surat Al-Baqara, inahusu kuandika deni na kushuhudisha. Na katika Surat Saad, kisa cha Nabii Daud (A.S.) na wagomvi wawili, tunaambiwa kwamba wengi wa washirika hudhulumiana, isipokuwa walioamini na kutenda mema, nao ni wachache. Kuandikiana si dalili ya kutoaminiana. Ni kumhifadhi ndugu yako asije akaingia kwenye wale wengi, na kuwaachia watoto wenu urafiki mliokuwa nao siku mlipoanza kuchanga.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walioko mbali, awape elimu yenye manufaa, na atujaalie tuwe washirika wema. Wallahu a'alam.